Msilipige X Jengo la Kona

Hoja hii imerudiwa mara nyingi hata hakuna anayeiuliza ushahidi tena: huku Magharibi, hasa huku mpakani, hatuna majengo ya kale. Urithi wa majengo uko Pwani. Lamu wana milango ya nakshi, Mombasa wana Ngome ya Yesu, Unguja wana Mji Mkongwe. Busia ina wabadilishaji wa pesa, Malaba ina foleni ya malori, na Port Victoria ina omena. Zile nyumba za kona zenye nguzo na veranda, zilizoandikwa mwaka wa kujengwa juu ya mlango, hizo ni “maduka ya Wahindi” tu. Zimechakaa, ni hatari, si zetu. Ziondoke, ipande gorofa ya vioo, mji nao uonekane mji. Wanasema hivyo wawakilishi wadi, wanasema mabroka wa ploti, na wanasema vijana waliokaa kwenye veranda za nyumba hizo hizo wakikwepa jua.

Naipinga hoja hiyo nzima. Na nikishamalizana nayo nitakuwa na neno pia kwa wale wachache wanaozitetea nyumba hizi, maana utetezi wao una kasoro inayoweza kuwaumiza wapangaji sawasawa na tingatinga.

Tuelewane kwanza ni nyumba gani. Imekaa pale njia mbili zinapokutana. Pembe yake haikuachwa kali. Imekatwa mshazari, na kwenye mkato huo ndipo ulipo mlango mkuu, ili anayetoka sokoni na anayetoka stendi wote wauone. Juu ya mlango ukuta wa mbele unapanda kupita paa na kuficha mabati, na kwenye paji hilo fundi ameandika kwa lipu jina la mwenye mali na mwaka. Kulia na kushoto, kando ya njia zote mbili, kuna veranda iliyoinuliwa vidato viwili vitatu kutoka ardhini, na paa lake limebebwa na nguzo za mviringo zenye tako chini, kichwa juu, na kiwiliwili kinachopungua unene kadiri kinavyopanda. Nyuma ya nguzo kuna milango ya mbao ya kukunja, kila mmoja na duka lake. Kisha, nyuma kabisa, ua. Na kuuzunguka ua, vyumba vya kupanga: chumba kimoja familia moja, bomba moja kwa wote, vyoo mwisho wa kiwanja, na lango la pembeni ambalo mteja wa dukani hana habari nalo. Mbele ni duka, nyuma ni ploti.

Katika vituo vidogo vya biashara nyumba ya namna hii huwa ya sakafu moja, matofali yaliyopigwa lipu na bati juu. Kisumu, kwenye barabara ya Oginga Odinga, inapanda orofa, maduka chini na wapangaji juu. Ukivuka mpaka ukafika Mbale au Jinja utaikuta imevaa mapambo yake yote, roshani, matao na mwaka uliochongwa wazi. Ni jengo lile lile. Tofauti ni mtaji.

Port Victoria ina sababu yake ya ziada ya kuamini kwamba haina kitu. Kapteni Macdonald alipopima njia ya reli kutoka Mombasa mwaka 1892, mstari wake ulilenga Ghuba ya Berkeley, yaani ufuko huu. Baadaye ikachaguliwa njia fupi zaidi, na tarehe 20 Desemba 1901 reli ikagota Kisumu, mahali palipoitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji wa reli. Tangu hapo mji umelelewa kwa masimulizi ya kukosa: reli ingefika hapa, bandari ingekuwa hapa, tungekuwa sisi Kisumu. Sitaki kumnyang'anya mtu huzuni yake, lakini masimulizi hayo yametupofusha. Yametuzoesha kuupima mji kwa kile ambacho hakikujengwa, hata kilichojengwa tukakiona takataka.

Tena yana kosa ndani yake. Wengi hudhani duka la Kihindi ni zao la reli, kwamba makuli waliomaliza kutandaza mataruma ndio waliogeuka wenye maduka. Reli ilileta kutoka India vibarua wapatao 32,000, na karibu 6,700 kati yao wakabaki. Lakini wenye maduka wengi hawakuwa hao. Walikuwa wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch waliokuja kwa nauli zao au za jamaa zao, na si haba walioanza kama makarani na wauzaji wa Allidina Visram, tajiri aliyekuwa ameshafungua maduka Uganda kabla reli haijaliona ziwa. Visram alifariki mwaka 1916; waliomtumikia wakaendelea kufungua ya kwao, moja hapa, moja kule, kila penye soko na maji. Duka la kona lilifika mahali ambapo reli haikufika. Lilifuata njia za miguu, za punda na za mashua. Kama reli ndiyo kipimo, Port Victoria ilikosa. Kama duka la kona ndilo kipimo, haikukosa neno.

Sasa tuje kwenye hilo “si letu”, ambalo ndilo mzizi wa yote.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ili Mombasa itawaliwe kwa mizinga. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kenya nzima ikajivunia. Hakuna aliyesimama kusema si yetu. Basi nielezeni: ngome iliyojengwa ili watu wa Mombasa wapigwe mizinga imekuwa urithi wetu, na duka lililotuuzia chumvi, mafuta ya taa na kitambaa cha sare ya shule limebaki la wageni. Hesabu gani hiyo?

Na kama tunataka hesabu, tuifanye. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara. Asiye raia akazuiwa kufanya biashara nje ya maeneo makuu ya miji mikubwa, na kuanzia mwaka 1968 wenye maduka katika vituo vidogo wakaanza kufunga na kuuza. Walionunua au kupangishwa walikuwa Waafrika. Chukua jengo lililoandikwa 1935 pajini. Ikiwa mwenyewe aliliacha mwaka 1968, basi alikaa nalo miaka 33. Sisi tumekaa nalo zaidi ya 55. Watoto wamezaliwa kwenye vyumba vya ua ule, wamesoma kwa kodi iliyotoka kwenye milango ile, na misiba imeketi chini ya nguzo zile. Mtu akiniambia leo kwamba jengo hilo ni la Mhindi, namuuliza ni kwa muda gani mtu hukaa na kitu kabla hakijawa chake.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walilipia somo hili kwa bei ghali zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Majengo yao yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zilizoachwa, ikayagawa kwa wapangaji na wapendwa wa utawala. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwarudishia wenyewe, na urejeshaji wenyewe ukaburuzwa hadi miaka ya 1990. Katika kipindi hicho chote nani angepaka rangi nyumba ambayo kesho huenda ikadaiwa? Nani angebadilisha bati? Anayepita Jinja na kuona mimea imeota kwenye paji la jengo la kona husema limezeeka. Halikuzeeka. Lilikosa mwenyewe kwa miaka 20.

Kuna hoja nzito zaidi kuhusu “si letu”, na anayeitoa hastahili kudharauliwa. Anasema: jengo hili lilijengwa kwa utaratibu wa ubaguzi. Serikali ya kikoloni ilipima ploti za mbele za biashara na kuwagawia Wahindi, ikawabakizia Waafrika soko la wazi na vyumba vya nyuma. Mwenye duka alilala upande wa hewa. Mpishi, hamali na fundi cherehani walilala upande wa choo. Ni kweli tupu. Na kwa sababu ni kweli, nataka jengo libaki. Hakuna kitabu cha historia darasani kinachoonyesha utawala ule wazi kama ramani ya nyumba hiyo: veranda pana kwa mnunuzi, kaunta ya kumtenga, mlango mwembamba wa kumwingiza mtumishi, ua wa kumficha. Kisha, baada ya 1968, watu wa nyuma wakahamia mbele. Aliyekuwa akikaa kwenye veranda na cherehani yake ya kukodi akaingia ndani na kushika kaunta. Mapinduzi hayo ya kimyakimya hayana sanamu popote nchini. Sanamu yake ni nyumba yenyewe, ilimradi mbele na nyuma zote zisimame. Ukiivunja unafuta ubaguzi, sawa, lakini unafuta pia siku tulipouvuka mlango ule.

Wapo wasomi wanaoidharau kwa sababu nyingine: eti ni mtindo wa Kizungu ulioigwa vibaya, nguzo za Kigiriki za saruji zilizomiminwa na fundi asiyeijua Athens. Hawa nao ni wa kuchekesha kidogo, kwa maana Wazungu wenyewe hawakufanya tofauti. Berlin, tangu ramani ya James Hobrecht ya mwaka 1862 hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, ilijaza mitaa yake majumba ya kupanga ya orofa tano, maduka chini, familia za vibarua zimesongamana kuzunguka nyua za nyuma. Mwanzoni sheria iliridhika na ua wa mita 5.34 kwa 5.34, nafasi ya pampu ya zimamoto kugeukia. Upande wa barabarani mwenye nyumba alibandika nguzo, pembetatu na nyuso za miungu za plasta, bidhaa za kiwandani zilizochaguliwa kwenye katalogi. Wasomi wa huko wakayatukana majumba hayo kwa maneno haya haya ya kwetu: bandia, dhiki, aibu. Katika karne ya 20 mapambo yakakwanguliwa kutoka kwenye majengo mengi ili yaonekane ya kisasa. Leo majumba hayo, hasa yaliyosalia na plasta yake, ni miongoni mwa nyumba zinazogombaniwa zaidi mjini humo. Nguzo ilitoka Ugiriki ikapita Roma, ikapita London, ikapita Bombay, ikaja ziwani. Kila ilipofika ilikuwa ya kuigwa. Fundi wa Kutch hakuiga vibaya. Alifupisha nguzo ibebe bati badala ya jiwe, akaipa veranda upana wa kutosha mvua ya alasiri isimfikie anayepima kitambaa. Huo ni usanifu.

Na Unguja? Jumba linaloitwa Zahanati ya Zamani, lile lenye roshani za mbao zilizochongwa zinazotazama bandari, lilianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, mfanyabiashara Mhindi, na kukamilika mwaka 1894 yeye akiwa ameshafariki. Miaka michache baadaye liliuzwa. Chini ikawa zahanati, juu zikawa nyumba za kupangisha. Yaani duka chini, wapangaji juu, Mhindi mjenzi, mapambo ya kutoka mbali: sifa zote ambazo huku kwetu zinahukumu jengo kifo. Aga Khan Trust for Culture ilikuja kulikarabati katika miaka ya 1990. Unguja wanalipiga picha. Huku tungelipiga X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Hiyo X tuisemee. Barabara inapopanuliwa, jengo la kona ndilo hupigwa kwanza, kwa sababu makutano ndiyo hudai nafasi. Sisemi barabara zisipanuliwe. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia Februari 2018, malori yanahitaji pa kupita, na lori halijali historia. Lakini nimeona mara nyingi X ikitumiwa kama hukumu ya jumla: mamlaka ya barabara inataka mita mbili za veranda, na mwenye ploti, akichochewa na broka, anaangusha jengo lote na kusingizia barabara.

Hapo ndipo inapoletwa hoja ya usalama. Jengo ni la zamani, litaua watu. Tuhesabu basi majengo yaliyoua watu. Huruma, Nairobi, 29 Aprili 2016: jengo jipya la kupanga, watu 52. Tassia, Embakasi, Desemba 2019: jengo la kupanga la orofa sita, si la mkoloni. Dar es Salaam, 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi, katikati kabisa ya eneo la majengo ya kale ya Wahindi: gorofa ya sakafu 16 iliyokuwa ikiendelea kujengwa iliporomoka na kuua watu 36. Kariakoo, Novemba 2024: jengo la maduka likaporomoka na kuua zaidi ya 25. Walioogopa kuta za mwaka 1935 waliwahamishia watu kwenye kuta za juzi.

Atakayenijibu kwa Beit al-Ajaib ya Unguja ana haki. Lile jumba la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Lakini tazama mazingira yake. Lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa miaka, sehemu zake zilikuwa zimeshaanguka mapema, na siku yenyewe mafundi walikuwa ndani wakilikarabati. Umri peke yake hauangushi nyumba. Nyumba huangushwa na maji.

Na kuhusu maji, jengo la kona lina udhaifu wa kweli ambao watetezi wake hawausemi. Lile paji zuri linaloficha mabati linaunda mfereji kati ya paa na ukuta. Gata ile ikizibwa na majani au kiota, mvua moja kubwa ya ziwani inatosha: maji yanarudi ndani, yanashuka ndani ya ukuta, yanaozesha mbao za dari, yanavimbisha lipu. Mwenye nyumba anaona lipu limebambuka, anaita fundi, fundi anapiga saruji ngumu juu ya matofali laini, na unyevu uliokuwa ukitoka sasa umefungiwa humo. Baada ya miaka kumi kuna ufa, na mbele ya ufa amesimama broka akisema “nilikwambia.” Kisha kampuni inakuja kulipaka jengo zima rangi ya tangazo lake, kijani au nyekundu, paji na mwaka vikamezwa. Kinachoitwa uzee hapa ni gata isiyozibuliwa. Kijana mwenye ngazi na ndoo, mara mbili kwa mwaka kabla ya mvua, angeokoa nusu ya majengo tunayoyaita hatari.

Wapangaji wana malalamiko yao, na hayo ndiyo ninayoyaogopa zaidi kwa sababu ni ya haki. Choo kimoja kwa familia nane. Bomba moja lenye foleni alfajiri. Hakuna urithi unaostahili mtoto aharishe kwa ajili yake. Lakini tiba ya choo ni choo. Glasgow, huko Uskoti, ilibomoa majengo mengi mno ya kupanga ya mawe baada ya Vita ya Pili kwa sababu hiyo hiyo, choo cha pamoja kwenye ngazi. Mapema miaka ya 1970, katika mtaa wa Govan, wasanifu vijana walifanya kazi pamoja na wakazi, wakaonyesha kwamba choo na bafu vinaweza kuingizwa ndani ya kila nyumba bila kuangusha jengo wala kuwatawanya watu. Vyama vya nyumba vya wakazi vikaibeba kazi hiyo mjini kote. Hawakuwa na sayansi tusiyo nayo. Walikuwa na mabomba, mikopo midogo, na uamuzi kwamba mkazi ana thamani kuliko kiwanja.

Maana mbomoaji hatuambii wapangaji wanakwenda wapi. Tingatinga likishapita, anayelipia chumba cha ua hawezi kulipia chumba cha gorofa ya vioo. Fundi wa viatu hatapata mlango pale. Chini kutakuwa na benki au duka kubwa la jumla. Kwa sheria ya mwaka 2024 kila mwajiriwa nchini anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kugharimia nyumba za bei nafuu. Nyumba za bei nafuu zilizopo tayari, katikati ya mji, karibu na soko, zinabomolewa bila mtu hata mmoja kutoa machozi. Tunakatwa mshahara kununua kile tunachokivunja.

Hiyo gorofa ya vioo nayo tuitazame kwa macho makavu. Inasimama ufukoni mwa ziwa, jua la saa nane linaingia mzimamzima, madirisha yake mengi hayafunguki, na stima ikipotea ndani panakuwa tanuri. Haina veranda: ukuta umesukumwa hadi mpaka wa kiwanja ili kila futi ilipe kodi. Mvua ikinyesha, mama mwenye beseni la omena hana pa kujikinga. Ile veranda ya kona ilikuwa kwenye ardhi ya mtu binafsi, lakini mji mzima ulitembea juu yake, ukapumzika, ukangoja matatu, ukashona nguo, ukabadilisha pesa za Uganda. Sijaona kaunti yoyote ikijenga kitu cha umma chenye manufaa hayo kwa bei hiyo, yaani bure.

Sasa neno langu kwa watetezi. Wakipata nafasi, huanza na kupaka rangi upande wa mbele na kuishia kuwatoa watu upande wa nyuma. Jengo linakuwa mkahawa, hoteli au jumba la kumbukumbu. Mambo Msiige, Unguja, lilikuwa jengo la ofisi za umma. Tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli ya kifahari. New York wana jengo la kupanga la mwaka 1863 katika mtaa wa Orchard, namba 97, ambalo tangu mwaka 1988 ni makumbusho ya maisha ya wapangaji, na ni makumbusho mazuri kwa kila hali, isipokuwa mpangaji hayumo. Nisingependa jengo la kona la Port Victoria liokolewe namna hiyo. Duka likitoka na ploti ikitoka, kinachobaki ni nguzo, na nguzo peke yake hainipi hoja yoyote dhidi ya broka. Nguvu ya jengo hili ni kwamba linafanya kazi: linauza, linalaza, linakinga mvua, kwa wakati mmoja, kwenye kiwanja kimoja.

Mwenye nyumba ataniambia: “Ploti ya kona ndiyo yenye bei. Unataka nibaki maskini ili wewe upate historia?” Swali zuri, na wanaharakati wengi hulikimbia. Sitaki abaki maskini. Viwanja hivi vingi ni virefu kwenda nyuma. Aruhusiwe kupanda orofa tatu upande wa ua, kwa ramani iliyopitishwa, mradi upande wa njia mbili ubaki na paji, nguzo na veranda yake, na waliomo wapewe nafasi ya kwanza ya kurudi. Apunguziwe kodi ya ardhi ya kaunti kwa kila mwaka anaotunza paa na gata. Akifanya hivyo atakuwa na vyumba vingi kuliko sasa, na maduka yatakayobaki pale pale wateja walipoyazoea. Asiyekubali masharti hayo hakuwa na haja ya vyumba zaidi. Alikuwa na haja ya kioo.

Wala tusisingizie sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa turathi likiwa na umuhimu wa kihistoria, kitamaduni au wa usanifu. Haikusema ngome. Haikusema Pwani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na likazipa kaunti mipango ya miji na makumbusho. Jengo la kona la Port Victoria, la Nambale au la Malaba huenda lisiwe na umuhimu kwa taifa zima. Lina umuhimu kwa Busia, na Busia ndiyo inayotoa vibali vya kujenga.

Kwa hiyo naomba jambo moja, tena dogo. Kabla ya kibali kingine cha kubomoa kutolewa, kaunti iandike orodha: kila jengo la kona lenye veranda na paji, mwaka ulioandikwa juu yake, vyumba vingapi, wapangaji wangapi, hali ya paa, na nani anadai nini juu ya kiwanja. Jengo lililomo kwenye orodha lisiguswe mpaka wapangaji wake wasikizwe mbele ya kamati ya mipango. Kazi hiyo haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka Nairobi. Inahitaji makarani wachache, simu yenye kamera, na agizo la maandishi. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Busia, litoeni agizo hilo katika kikao hiki, kabla rangi nyekundu haijafika Port Victoria.